Shangazi wa Vitabu: "Kwa nini nahodha wako ni Mweusi?"

SWALI: Shangazi, shikamoo. Naandika riwaya ya kisayansi ambayo nahodha wa chombo cha anga ni mwanamke Mweusi. Rafiki yangu amesoma sura tatu za mwanzo akaniuliza: "Kwa nini awe Mweusi? Mbona hujaeleza sababu?" Nimekwama. Niongeze sura ya kueleza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiongeze hata sentensi. Manahodha weupe wote aliowahi kuwasoma huyo rafiki yako, ni yupi aliyemdai sababu?

Ila amenichokoza. Nilipomwona Luteni Uhura, mwanamke Mweusi wa tamthilia ya anga ya televisheni, Star Trek, nikiwa mdogo, nilishangilia jina kwanza: kumbe "uhuru" wetu umefika angani! Nilipomtazama tena ukubwani, nikaanza kuhesabu anachofanya. Yuko kwenye mitambo ya mawasiliano, anamwambia nahodha njia ziko wazi, basi. Nichelle Nichols, aliyemwigiza tangu 1966, alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza; Martin Luther King akamsihi abaki. Wakati ule kuonekana tu kulikuwa jambo kubwa. Wewe huandiki mwaka 1966.

Msome Dana, mwanamke Mweusi katika riwaya ya Kindred (1979) ya Octavia Butler. Anavutwa kutoka California ya 1976 hadi shamba la watumwa Maryland, karne ya 19. Safari moja mumewe Kevin, Mzungu, anajikuta naye huko. Kevin anapokewa kama mgeni. Dana anachukuliwa kuwa mtumwa wake. Mume na mke, mlango mmoja! Mbadilishe Dana rangi uone kama riwaya itabaki. (Butler huyohuyo alimwandika Lilith wa riwaya ya Dawn, 1987, kuwa Mweusi; jalada likatoka na mwanamke wa Kizungu. Hadi leo nikiliona nasonya.)

Sasa zile kurasa ulizoniambatishia. Sura ya pili hewa inavuja, fundi mwanamume anaamua la kufanya, nahodha anatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo ulipoteleza, si kwenye rangi. Mpe yeye uamuzi, tena aukosee kidogo.

Halafu nywele. Umeandika "zilisukwa" ukapita. Zilisukwa na nani, huko mbali? Kwa saa ngapi, msusi na msukwaji wote wakielea? Ile kofia ya vazi la anga inakaaje juu ya misuko? Hizo niandikie ukurasa mzima, unitumie.