Mihogo ya nazi kwa wageni 30: kazi ya usiku na kazi ya alfajiri

Dada, kwa chai ya asubuhi ya wageni 30 wa harusi hapo Mikindani, mihogo ya nazi inatosha kabisa, na kazi kubwa unaimaliza usiku. Nunua kilo 12 za mihogo mitamu. Ile michungu ina sumu, usiichanganye. Menya, pasua, toa uzi wa katikati, loweka kwenye maji yanayofunika vipande vyote, vinginevyo vya juu vitakuwa vyeusi. Asubuhi mwaga maji hayo.

Tui usilikamue usiku, tafadhali! Kwa joto letu la Mtwara linachacha, na sufuria nzima inaharibika. Nazi 8 zivunjwe na kukunwa alfajiri. Chemsha mihogo kwa tui jepesi, chumvi, vitunguu na pilipili nzima, kama dakika 40. Ikishalainika ndipo utie tui zito: moto mdogo, bila kufunika, ukikoroga taratibu mpaka litokote. Moto ukiwa mkali tui linakatika. Mchuzi ukikauka wageni hawajafika, ongeza tui jepesi la moto kidogo. Samaki wa kukaanga anakaa vizuri pembeni.