Usianze na Mashine, Anza na Kikaango

*Shikamoo mama. Barazani kwetu Pangani tumegombana. Mmoja anasema kahawa imetoka Uarabuni, ndiyo maana jina lake la Kiarabu. Mwingine anasema Uhabeshi. Nani mkweli?*

Marahaba mwanangu. Mti ni wa Uhabeshi. Mbuni, yaani mti wa kahawa, wa aina ya arabika, asili yake ni misitu ya nyanda za juu, kusini-magharibi mwa Ethiopia, na mpaka leo huko unaota wenyewe chini ya miti mikubwa. Lakini huyo wa Uarabuni naye msimbeze. Yemen, karne ya 15, masufi walikuwa wakiinywa wapate kukesha kwenye dhikri, na bandari ya Mokha ndiyo iliyoitembeza duniani. Jina la kahawa limetoka kwa Waarabu, na buni vilevile. Wahabeshi wenyewe wanasema *buna*. Kile kisa cha mchunga mbuzi aliyeigundua kahawa baada ya kuona mbuzi wake wakirukaruka ni hadithi tu, msikifanye ushahidi.

Na mtakapokaa tena, wakumbusheni Bukoba. Wahaya walikuwa na robusta yao, aina nyingine ya kahawa, kabla mmisionari hajafika: wanaichemsha na majani ya kunukia, wanaianika, wanaitafuna, na mgeni anakaribishwa nayo. Buni mbili za tunda moja ndizo walizokula watu waliochanjiana udugu. Sisi wa Kilimanjaro tumeletewa mibuni na mapadri mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo tukijisifu, tujisifu kwa adabu.

*Dada, nimestaafu na nataka kufungua mgahawa wa kahawa Morogoro. Fundi ananiambia ninunue kwanza mashine ya espresso. Nianzie wapi?*

Kaka yangu, hiyo pesa ya kiinua mgongo ishike kwanza. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa Moshi nilitoa nusu ya mtaji nikanunua mashine iliyotumika. Muuzaji aliniapia kwamba ni nzima. Wiki ya tatu ikaanza kuvuja, spea hakuna, na umeme ukikatika wateja wananitazama tu. Niliumia sana. Kilichoniokoa ni kikaango cha chuma cha marehemu mama na jiko la mkaa.

Kwa hiyo anza na kukaanga. Chukua buni nusu kilo, chagua kwa mkono, toa nyeusi na zilizotobolewa na wadudu, maana chache tu zilizooza zinaharibu birika zima. Moto wa wastani, na mwiko usisimame. Mwanzo utasikia harufu ya majani makavu. Zikigeuka manjano, harufu inakuwa ya mkate. Kisha zinaanza kupasuka kama bisi, na vile viganda vyembamba vinaruka. Hapo usiende kupokea simu! Mlio ukipungua, mimina kwenye ungo, pepeta upesi mpaka zipoe. Ukiziacha kwenye kikaango zinaendelea kuungua zenyewe. Kesho yake ndipo usage na uonje.

Halafu piga hesabu. Kilo moja ya buni ukiikaanga inabaki kama gramu 850. Ukitia gramu 60 kwa lita ya maji, na ukiondoa maji yanayobaki kwenye machicha, unapata vikombe kama 80 vya mililita 150. Ongeza mkaa, maziwa, sukari, kodi ya pango, mshahara wa kijana wako. Bei utaijua mwenyewe, hutaiga ya jirani.

Leseni ya halmashauri, namba ya mlipakodi (TIN) na vipimo vya afya vya wahudumu, hivyo usiviruke. Na yule muuza kahawa chungu na kashata wa kijiweni usimwone adui. Kaa kwake jioni tatu, uone watu wanakuja saa ngapi na wanakaa muda gani. Mashine utanunua ukishajua wateja wako wanaitaka.

*Mama, dukani naona pakiti zimeandikwa AA na PB. Ipi bora? Nikinywa kahawa moyo unanienda mbio.*

AA ni ukubwa wa punje, basi. PB ni ile punje ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda. Hakuna herufi kati ya hizo inayokuambia kama kahawa imekaa stoo mwaka mzima. Tafuta tarehe ya kukaangwa, na isipoandikwa, rudisha pakiti kwenye rafu. Nunua punje, robo kilo kwa wakati, usage kidogo kidogo, maana unga hauchukui siku nyingi kupoteza harufu.

Kuhusu moyo, uliza hiyo unayokunywa ni ya aina gani. Robusta ina kafeini, kile kinachochangamsha mwili, karibu maradufu ya arabika. Hamia arabika, kikombe kimoja asubuhi, usinywe na njaa. Ukiona bado unaenda mbio, iache kabisa na uende ukapimwe wiki hii hii. Kahawa itakusubiri.