Soma kwa mfuatano

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uache ule mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka mmoja, maana unasoma na moyo hausikii kitu, ubaki na mistari ya kutia moyo tu. Sura 1,189 si mchezo, ni tatu au nne kila siku, na ukiruka siku deni linakusuta. Ratiba tuiweke kando kwanza. Mimi naona jambo ni kusoma kwa mfuatano.

Unakumbuka kipindi kile baba yako hana kazi. Kila jioni tulianzia tulipoishia jana, tukaangukia kitabu cha Maombolezo, kilio cha Yerusalemu uliobomolewa. Baba yako mdogo alipokuja kutujulia hali alikukuta unasoma sura ya pili, pale watoto wanapozimia kwa njaa njiani. Akaichukua Biblia mkononi mwako, mbele ya wadogo zako, akafunua Zaburi 23. "Nyumba yenye shida haisomewi haya." Hadi leo nikiikumbuka sauti ile damu hunichemka. Si kwamba Zaburi ina kosa. Usiku ule ule niliisoma peke yangu ikanifaa sana. Labda alikuwa na nia njema. Sawa, alikuwa nayo, lakini mtoto hanyang'anywi Neno mkononi!

Alipoondoka, baba yako akakurudishia Biblia: "Endelea pale pale." Kesho yake tukaingia sura ya tatu. Yule mtu anayeomboleza meno yamevunjwa kwa changarawe, ameshasema tumaini lake limepotea, ndipo anatamka, "Ni mpya kila siku asubuhi, uaminifu wako ni mkuu." Anayasema hayo Yerusalemu ukiwa bado magofu. Watu huuandika mstari huo kwenye kadi, nami sina ugomvi nao, ila aliyeufikia kwa kupitia kilio chote kile anajua umesemwa na nani, na akiwa wapi. Ndiyo maana nasema, kwa mfuatano.

Tena kitabu hakiishii pale. Sura ya tano inafunga kama mtu anayeuliza iwapo Mungu amewakataa kabisa, na hajibiwi. Uvuke Ezekieli ndipo umkute Danieli uhamishoni. Huyo ni mtu wa ndoto na maono, lakini ile miaka 70 ya ukiwa wa Yerusalemu hakuiota. Aliijua kwa kusoma vitabu, katika Yeremia, ndipo akafunga na kuomba. Siku alizosoma kabla ya hiyo moyo wake ulisikia nini? Hakuandika.

Kuhusu mpango wako, amua mwenyewe, umeshakuwa mtu mzima. Neno langu ninalo, nalimeza kwa shida. Ukiuacha, walau weka alama ulipoishia. Baba yako anauliza kama umekwama Walawi. Anasema yeye zile sura za ukoma humshinda kila mara.

Mama yako