Utafiti una wingi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili katika afya ya jamii, hapa Morogoro. Nimeandika muhtasari wa matokeo yangu kwa Kiswahili ili madiwani wausome. Msimamizi wangu amekata kwa wino mwekundu kila mahali nilipoandika "tafiti", akisema utafiti hauna wingi, lakini magazeti yanaliandika neno hilo kila siku. Mwenzangu naye ananishauri niachane na yote mawili, nitumie "uchunguzi". Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako ana haki, lakini nusu.

Utafiti ukiwa ni kazi, ni shughuli tu, hauhesabiki. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ipo tangu mwaka 1979, na kazi zilizopita mikononi mwake ni nyingi mno, ila jina lake linabaki kwenye umoja. Hata wewe ukiulizwa unafanya shughuli gani utajibu "kazi ya utafiti", hutasema "kazi ya tafiti". Lakini kazi hiyo ikishapata mwanzo na mwisho, ikawa na watu walioulizwa na ripoti iliyoandikwa, imekuwa kitu cha kuhesabika. Neno uchaguzi lina tabia hiyohiyo. Tunayo Tume ya Uchaguzi, hatuna Tume ya Chaguzi, lakini kata kadhaa zikirudi kwenye sanduku la kura tunasema chaguzi ndogo na hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo andika utafiti huu umeonesha, tafiti hizi zimeonesha. Makosa yanayostahili wino mwekundu ni "utafiti hizi" na "matafiti".

Mimi kinachonikosesha raha si kama wingi huo upo, ni namna tunavyoutumia.

Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto Oktoba 2021. Katika awamu ya tatu ilijaribiwa kwa watoto 15,459, kwenye vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Kwetu ilikuwa Bagamoyo na Korogwe, na kwa jirani zetu Kenya ilikuwa Kilifi, Siaya na Kombewa. Mwandishi akiyaona majina yote hayo, kalamu yake inakimbilia "tafiti zilizofanyika Bagamoyo, Korogwe, Kilifi". Hapana. Ule ni utafiti mmoja. Mpango ulikuwa mmoja, swali moja, na hesabu zilijumlishwa pamoja. Vilivyokuwa vingi ni vituo.

Vyandarua vyenye dawa vina historia tofauti. Gambia walifanya utafiti wao, Kilifi wakafanya wao, na Navrongo kule Ghana wakafanya wao, kila timu na mpango wake, na kote huko vifo vya watoto vilionekana kupungua. Hizo ndizo tafiti, na wingi wake una uzito, maana jambo lililoonekana mahali pamoja lilionekana tena kwingine, chini ya macho ya watu wengine. Kisha wakaja watafiti wa Ifakara, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na swali jingine kabisa. Swali lao kuu halikuwa tena kama chandarua kinazuia malaria. Waliuliza kitamfikiaje mama wa kijijini, kwa bei gani, kupitia duka la nani, na wakajaribu kumpa mjamzito hati ya kupunguziwa bei. Mwaka 2004 ukaanza mpango wa taifa wa Hati Punguzo. Huo nao ni utafiti, tena wa sera, japo swali lake kuu si la damu wala hadubini.

Sasa diwani akisoma "tafiti zinaonesha", anaelewa kwamba wengi wamechunguza na wamekubaliana. Ikiwa nyuma ya maneno hayo kuna kazi moja tu, ya kata mbili, umemdanganya kwa herufi chache na atapanga bajeti kwa udanganyifu huo.

Tukija kwenye uchunguzi, mwenzako hajakosea kihistoria. Waliotupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 walikuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, na uchunguzi hapo ndio huu tunaouita utafiti leo. Lakini neno limehama. Sasa linakaa zaidi hospitalini na kwa wakaguzi, na polisi wana upelelezi wao. Mgonjwa akiambiwa anafanyiwa uchunguzi, anajua daktari anatafuta ugonjwa mwilini mwake.

Niliwahi kupewa fomu ya ridhaa niisahihishe baada ya kuwa imeshaanza kutumika. Sentensi ya kwanza ilisema, "Mtoto wako atafanyiwa uchunguzi." Mtu aliyekuwa akiisoma kwa akina mama aliniambia mama mmoja alimkumbatia mwanawe akauliza, "Kwani mwanangu ana nini?" Mtoto alikuwa mzima. Tuliandika upya: "Tunakuomba umruhusu mtoto wako ashiriki katika utafiti. Haumwi, na unaweza kukataa." Mama yule alikuwa na haki ya kuyasikia maneno hayo tangu mwanzo, na sioni kama ni jambo dogo.

Basi katika muhtasari wako, kazi yako mwenyewe iite utafiti huu, na useme ulifanyika kata zipi na kaya ngapi ziliulizwa. Usiiite sensa, maana sensa humhesabu kila mtu. Kazi za wenzako zirudishie neno tafiti, lakini liweke na idadi: kama ulizosoma ni nne, andika "tafiti nne". Uchunguzi uache kwenye aya ile tu unapoeleza wagonjwa walivyopimwa zahanati. Ukimpelekea msimamizi ukurasa uliokaa hivyo, mwoneshe na ule mfano wa chaguzi ndogo.