Kabla hujamwambia mteja "jaribu tena"

Wadogo zangu wa dawati la msaada, juzi nimepitia tiketi za wiki nzima, yaani kumbukumbu za matatizo ya wateja. Tisa zilihusu watu wanaofanya kazi nje ya ofisi kwa hotspoti ya simu na VPN (njia ya siri inayowaingiza kwenye mtandao wa ofisi), na sita kati yake zimefungwa kwa sentensi ile ile: "Mteja ameshauriwa kuzima VPN, kuiwasha na kujaribu tena." Nawapenda, na mnajituma kuliko sisi tulivyojituma tukiwa wapya, lakini sentensi hiyo siivumilii. Niliwahi kuitoa kwa kinywa changu, na kuna watu iliwaliza. Nitafika huko.

1. Ulizeni VPN imewashwa kwenye kifaa gani. Mteja anaiwasha kwenye simu, anaona alama ya ufunguo juu ya kioo, anaunganisha laptopu kwenye hotspoti na kuamini tayari yumo ndani. Kwa simu nyingi data ya hotspoti haipiti kwenye VPN ya simu, inatoka moja kwa moja. Laptopu lazima iwe na VPN yake. Tiketi mbili kati ya zile sita zilikuwa hizo tu.

2. Acheni kuhukumu kwa kipimo cha kasi. Mteja anawatumia picha inayosema megabiti 40, nanyi mnaandika "mtandao uko sawa." Programu zetu za zamani, zile zinazozungumza na hifadhidata moja kwa moja, zinaumizwa na muda wa kwenda na kurudi. Chukueni fomu inayouliza hifadhidata mara 200 kabla ya kufunguka. Ofisini kila swali ni milisekunde 1, hakuna anayeona kitu. Kwenye hotspoti na VPN, milisekunde 150 kwa kila swali zinafika sekunde 30, hata bando liwe kubwa namna gani. Huyo mpeni eneokazi la mbali: programu iendeshwe kule kule jirani na hifadhidata, kwake ije picha tu.

3. Sasa hilo la "jaribu tena".

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Akanipigia mama mmoja mhasibu, yuko safarini, anatumia hotspoti, na siku hiyo hiyo alitakiwa kuidhinisha posho za watu 63. Kuingia aliingia vizuri. Kurasa ndogo zilifunguka. Akibonyeza "Idhinisha", kiduara kinazunguka weee, kisha ukurasa mweupe. Nikapiga pingi (ujumbe mdogo wa kujaribu kama kifaa kinajibu) hadi laptopu yake kupitia VPN, majibu yote yakarudi. Nikamwambia, tena kwa kujiamini, "Mama, ni mtandao wa simu unasuasua. Zima VPN, washa, bonyeza tena."

Akaniuliza, "Kijana wangu, una hakika haijaenda?"

Nikamjibu kwamba ingekuwa imeenda angeona. Akabonyeza. Kiduara. Nikamwambia arudie. Akabonyeza mara ya tatu.

Zilikwenda zote tatu.

Niliyachimba baadaye, na nataka myaelewe vizuri kuliko mimi wakati ule. Kubonyeza kitufe ni ombi dogo, linapenya popote. Seva ililipokea, ikaandika malipo, ikaanza kutuma jibu: ukurasa mzima wenye majina 63, uliokatwa katika pakiti, yaani vifurushi vya data, zilizojaa hadi ukomo. VPN yetu ilikuwa imepangwa kwa laini ya kawaida ya baiti 1500. VPN inaivisha kila pakiti ganda lake, na njia ya mtandao wa simu ilikuwa nyembamba kuliko hapo. Pakiti zilizojaa zilifika kwenye wembamba huo zikatupwa. Ujumbe wa ICMP ambao ungeiarifu seva ipunguze ukubwa ulikuwa umezuiwa na faiawoli yetu wenyewe. Seva ikarudia kutuma, pakiti zikatupwa tena, na pande zote mbili kimya. Pingi yangu nayo ilikuwa ya baiti 32, kwa hiyo ilipita bila kugusa ukuta wowote.

Kuna waliokuwa wameshazituma nyumbani pesa zote kabla ya kuambiwa warudishe. Makato yalichukua miezi minne. Mama yule akaandikiwa barua ya onyo, kwa sababu logi (kumbukumbu za seva) zilionyesha jina lake mara tatu na langu halimo popote. Nilikwenda kwa meneja nikaeleza, na barua ikaondolewa, lakini ilikuwa imekaa kwenye faili lake wiki tatu. Siku alipoagwa kustaafu nilimwomba radhi tena. Akasema, "Ulikuwa hujui." Ni kweli sikujua kuhusu pakiti. Lakini yeye alikuwa ameuliza swali sahihi, na mimi nilikuwa na logi ya seva mbele yangu, nikamjibu bila kuifungua. Hilo la pakiti nimeshalisamehe. Hili la pili bado.

Basi kiduara kikizunguka bila mwisho, mnachojua ni kwamba jibu halijarudi. Kama kazi imefanyika au haijafanyika, hamjui. Mwambieni mteja aondoe mkono kwenye kipanya, fungueni logi au orodha ya miamala, tazameni. Halafu ndiyo mpime. Kwenye Windows ya mteja, VPN ikiwa imewashwa, andikeni ping -f -l 1372 na jina la seva, mkishusha namba hadi ipite. Ongezeni 28 mpate MTU halisi, yaani ukubwa wa juu wa pakiti inayopita njiani. Ikiwajibu kwamba pakiti inahitaji kugawanywa, mfumo unaujua ukomo wake. Ikinyamaza kwa pakiti kubwa huku ndogo zinapita, mmelipata shimo linalomeza pakiti. Shusheni MTU ya VPN kwa mteja huyo, na waambieni watu wa mtandao wabane MSS (kiasi cha data ndani ya kila pakiti) kwenye lango la VPN, la sivyo kesho atapiga simu mwingine.

4. Angalieni anwani zisigongane. Hotspoti ya iPhone hugawa anwani za 172.20.10.x. Kama seva mnayoitafuta ni 172.20.10.5, laptopu itaitafuta ndani ya simu na VPN haitaulizwa kitu. Amri ya route print itawaonyesha njia inayotumika.

5. Msimpigie mteja kwenye simu ile ile inayotoa hotspoti! Mmoja wenu, na ni kijana hodari, alihangaika saa mbili na VPN "inayokatika ovyo". Kila akipiga kuuliza imekaaje, inakatika. Akikata simu, inarudi. Simu isiyopokea sauti kupitia 4G hushuka hadi 3G au 2G mara inapoita, na VPN nyingi haziustahimili mtikisiko huo. Tumieni ujumbe, au mwombeni namba nyingine.

6. Seva ikifikika kwa anwani lakini si kwa jina, ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani. Amri ya nslookup kwanza, porojo baadaye.

7. Waya wa USB badala ya Wi-Fi ya hotspoti, kila inapowezekana.

8. Saa ya laptopu. Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji wa mtandao, kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5, na namba za uthibitisho hubadilika kila sekunde 30. Mteja aliyerekebisha saa kwa mkono safarini atawaambia nenosiri limeharibika.

Zile tiketi sita nimezifungua upya asubuhi hii na kuzirudisha kwa waliozifunga. Moja ni ya malipo, na mteja ameandika kwamba alibonyeza mara mbili. Mwenye hiyo aache chai, afungue logi sasa hivi, kisha aje mezani kwangu tumpigie pamoja.