Vumbi bandani msimu wa baridi

Pole dada. Umesema kuku wako huko Njombe wanapiga chafya tangu Juni na vumbi limetanda banda zima. Nadhani shida imeanza pale ulipoziba madirisha yote kwa turubai. Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili anavumilia baridi. Hewa nzito haivumilii. Shusha turubai kutoka juu, uache wazi kama shubiri moja chini ya paa pande zote mbili, upepo upite juu ya vichwa vyao bila kuwapiga wakiwa wamelala.

Halafu angalia matandazo ya chini. Chukua konzi moja uifinye. Ikiacha unga mkononi, imekauka mno. Ikibaki donge, imeloa. Unataka ishikane kidogo kisha iachane. Kama umetandaza vumbi la mbao, litoe lote uweke maranda makubwa. Usimwage maji kwa ndoo, utawaletea kuhara damu. Fagia utando wa buibui kuku wakiwa nje, na uvae barakoa tafadhali, mapafu yako hayana spea.

Wakikoroma usiku au macho yakivimba, usingoje, mwite daktari wa mifugo.