Ugomvi, mzozo na mgogoro si kitu kimoja

Ndugu yangu uliyeuliza kama maneno haya yanabadilishana: hapana. Ugomvi ni wa watu na hasira zao, waweza kwisha jioni ile ile. Mzozo ni wa maneno, kila mtu anashikilia lake. Mgogoro unadumu na una kiini. Kwa hiyo ukimwandikia sheha (kiongozi wa serikali wa eneo lenu), andika "mgogoro wa mpaka wa kiwanja". Ukiandika "ugomvi", atadhani mmetukanana tu, na suala la mpaka litapotea.

Tazama na mzizi -gomba, maana una utajiri wake: kugombana, kugombeza (kukaripia), kugombania (kila mmoja akitaka kitu kile kile), kugombanisha (kazi ya mfitini), na kugombea, ndiyo maana mgombea na mgomvi ni ndugu. Wengi hukosea hapa: "anagombania uwakilishi" humfanya mtu aonekane ananyang'anya, sema "anagombea".

Penye maslahi mawili yanayopingana ni mgongano wa maslahi, ugomvi haumo. Na mwafaka, kama ule wa 2001 wa vyama vya CCM na CUF hapa Zanzibar, ni makubaliano yenyewe. Maridhiano ni nyoyo kukubaliana.